Usizime STP

"Mhandisi, kompyuta zetu zikiwashwa asubuhi zinachelewa kupata mtandao. Nimeambiwa nizime STP kwenye swichi. Nizime?"

Swali hili limenifikia tena wiki iliyopita, na kijana aliyeuliza alikuwa ameshaizima. Nimelijibu kwa simu mara nyingi mno. Leo naliandika.

Anayetoa ushauri huo hajazua uongo, na ndiyo maana ushauri wenyewe ni wa hatari. Kompyuta inachelewa kweli, na inayoichelewesha ni hiyohiyo STP, itifaki ya spaningi-trii. Kompyuta inapowaka, poti ya swichi husikiliza kwa sekunde 15, hujifunza kwa sekunde 15 nyingine, ndipo inaanza kupitisha data. Katika nusu dakika hiyo kompyuta huomba anwani kwa DHCP, haijibiwi, mwishowe hujipa anwani inayoanza na 169.254. Mtumiaji analalamika. Fundi anazima STP, anwani zinapatikana papo hapo, bosi anashukuru. Kesho yake fundi huyo anamwelekeza mwenzake wa ofisi ya jirani.

Hakuna anayeuliza sekunde 30 zile zilikuwa za nini. Swichi ilikuwa inachunguza kama mwisho wa waya ule kuna kompyuta, au kuna njia inayozunguka na kuirudia yenyewe, yaani kitanzi. Ukizima STP, poti inafunguliwa bila uchunguzi wowote.

Na kitanzi kwenye Etheneti hakina huruma. Pakiti ya IP hubeba namba inayopungua kila inapovuka ruta. Ikifika sifuri, pakiti hutupwa. Fremu ya Etheneti haina namba hiyo. Printa ikitoa tangazo moja la ARP na tangazo likaingia kwenye kitanzi, litazunguka mpaka mtu achomoe waya au umeme ukatike. Swichi nayo, kwa kazi yake halali, hunakili kila tangazo kwenye poti zote isipokuwa lilikotokea, hivyo nakala zinazaana. Poti ya gigabiti 1 inaweza kupitisha fremu ndogo 1,488,095 kwa sekunde, na dhoruba haiachi nafasi. Kila kompyuta inalazimika kuzipokea. Wakati huohuo swichi inaiona anwani ileile ya MAC poti ya 3, mara poti ya 17, mara tena ya 3, na haijui tena nani yuko wapi.

"Lakini sisi hatuna kitanzi." Hilo ndilo jibu ninalopewa kila mara, kana kwamba vitanzi hujengwa na mafundi. Niliitwa shule moja ambako mwalimu alihamisha meza, akakuta ncha ya kebo inaning'inia, akaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi ukutani. Ncha ya pili ilikuwa tayari ukutani. STP ilizimwa miezi kadhaa nyuma, kwa sababu hiihii ya kompyuta kuchelewa. Kwa siku mbili walimsumbua mtoa huduma wa intaneti, wakalipia kasi kubwa zaidi, wakanunua ruta mpya, ilhali taa za swichi zote zilikuwa zinametameta pamoja bila kupumzika. Nilichomoa kebo moja, mtandao ukarudi. Mwalimu simlaumu hata kidogo. Alikuwa anapanga chumba chake. Namlaumu aliyeondoa kinga bila kujua inakinga nini.

Wengine hunitajia Boston kama sababu ya kuizima STP. Ni kweli, Novemba 2002 hospitali ya Beth Israel Deaconess ilikaa takriban siku nne bila mtandao wa kutegemewa, wauguzi wakarudi kwenye karatasi, na STP ilihusika. Lakini mtandao ule ulikuwa umeongezwa kiraka juu ya kiraka, hadi ukavuka upana wa swichi 7 ambao vipimo vya muda vya STP vilipangiwa. Walichohitaji ni kupanga mtandao upya. Radia Perlman alipobuni mbinu hii mwaka 1985, akiwa kampuni ya DEC, alitaka tuweze kuwa na waya wa akiba bila kuangamizwa nao. Ukiizima, waya wako wa akiba ndio utakaokuangusha.

Sasa dawa halisi, kwa haraka. Poti za kompyuta, printa na simu zitangaze kuwa za ukingoni; kwenye swichi za Cisco mpangilio huo ni PortFast. Zitafunguka mara moja na STP itabaki macho. Usiuweke kamwe kati ya swichi na swichi. Poti hizohizo ziwekee ulinzi wa BPDU, yaani ujumbe wa STP, ili ukisikika hapo poti ifungwe. Tumia RSTP, yaani STP ya kasi, ila ujue nayo huichelewesha poti ya kompyuta usipoitangaza kuwa ya ukingoni. Swichi mzizi, ile ambayo STP hupimia njia zote, ichague mwenyewe: kwa kawaida zote hutoka kiwandani na kipaumbele 32768, na zikilingana hushinda yenye MAC ndogo, ambayo mara nyingi ni ile kuukuu iliyosahaulika stoo. Iliyo kuu ipe 4096, msaidizi wake 8192. Vile viswichi vya bei nafuu vya chini ya meza havina STP, na baadhi havipitishi BPDU. Poti zinazovilisha ziwekee kikomo cha matangazo, na kama swichi yako inaweza kutambua vitanzi, washa uwezo huo.

Kisha Jumamosi moja, ofisi ikiwa tupu, chukua kebo fupi uchomeke ncha zote mbili kwenye matundu mawili ya ukutani. Poti ikijifunga na taa zikatulia, chomoa kebo, andika tarehe kwenye daftari, uifungue poti, uende nyumbani. Taa zote zikianza kumetameta, chomoa kebo na urudi kwenye mipangilio ya poti hizo mbili.