Umepasuliwa Pua, Mbona Koo Ndilo Linauma?
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi madaktari bingwa wa pua, koo na masikio wanavyonyoosha ukuta wa pua uliopinda na kuondoa nyama za puani. Leo tunamfuata mgonjwa nyumbani. Kwa watu wa Kibondo na Kasulu, rufaa ya kazi hiyo mara nyingi huishia mbali: Bugando jijini Mwanza, au Muhimbili. Mgonjwa anarudi kwa basi, pua imeanza kutulia, lakini kila tonge la ugali wa muhogo ni adhabu. Jirani anauliza, “Kwani walikupasua pua au koo?”

Sababu ni tatu, na kila moja ina muda wake.

Ya kwanza ni mpira wa kupumulia. Mgonjwa akishalala nusu kaputi, mtaalamu wa usingizi humpitishia mpira mdomoni, katikati ya nyuzi za sauti, hadi kwenye njia ya hewa. Mpira huo una kiputo kinachojazwa upepo ili damu ya puani isiingie mapafuni. Hutolewa mgonjwa anapozinduka, naye hakumbuki lolote. Kinachobaki ni michubuko na sauti ya kukwaruza. Maumivu hayo kwa kawaida hupungua ndani ya siku 2 au 3.

Ya pili ni ukavu. Pua ndiyo inayochuja, kupasha joto na kulowesha hewa tunayovuta, zaidi ya lita 10,000 kwa siku kwa mtu mzima. Ikiwa imezibwa kwa shashi au imevimba, hewa yote hupita mdomoni. Miinuko yetu iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kiangazi usiku ni baridi, mchana ni vumbi, na jikoni kuna moshi wa kuni. Mgonjwa huamka ulimi umenata kwenye kaakaa.

Ya tatu ni damu iliyoganda na kamasi zinazoteremka kooni. Makohozi ya kahawia yanaweza kuendelea kwa wiki 1 au 2.

Hapo ndipo hatari huingia. Ndugu wanamulika koo kwa tochi ya simu, wanaona kidakatonge kimevimba, na hukumu inatoka papo hapo: “Ana kimeo, akakatwe.” Msithubutu! Mpira na ukavu huweza kukivimbisha, na uvimbe huo hunywea wenyewe. Kukikata kienyeji huleta kutokwa damu nyingi, usaha, hata pepopunda.

Kinachosaidia ni kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa, na kusukutua koo kwa maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi. Kijiko cha asali hutuliza, ila mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe kamwe. Uji unywewe ukiwa umepoa. Lala kichwa kikiwa juu, na kaa mbali na moshi. Wazee, ugoro uwekwe kando. Usipenge kamasi mpaka daktari aruhusu. Chafya ikija, achama mdomo. Kwa maumivu tumia parasetamoli kwa kipimo ulichoandikiwa. Aspirini usiimeze bila idhini ya daktari, kwa kuwa huchochea kutoka damu.

Damu mbichi isiyokoma, mtoto anayemezameza hata usingizini, kushindwa kupumua au kumeza mate, homa ya zaidi ya nyuzi 38, shingo kukakamaa, macho kuona vibaya, au maji maangavu yanayochuruzika puani: dalili hizi hazisubiri tarehe ya kliniki. Mkalishe mgonjwa akiwa ameinama mbele, umkimbize hospitali ya wilaya usiku huohuo.

Na kabla ya kuondoka wodini, dai karatasi inayoeleza operesheni yako na namba ya simu ya wodi. Daktari wa Kasulu au Kibondo atakayekupokea atahitaji kujua ulichofanyiwa Mwanza au Muhimbili.