Nenosiri la Waifai Limo Mfukoni

Wiki hii nizungumzie swali ninaloulizwa sana, Njombe mjini na pale Makambako zinapoachana barabara za Mbeya na Songea. Mwenye nyumba ya wageni kawekewa waifai, fundi kaondoka, na nenosiri hakuna anayelikumbuka. Je, amtumie fundi nauli arudi?

Hakuna haja. Simu iliyokwisha kuunganishwa imelihifadhi neno hilo. Kwa Android, tangu toleo la 10 la mwaka 2019, fungua Mipangilio, ingia kwenye waifai, gusa jina la mtandao, kisha Shiriki. Simu itadai namba ya siri au alama ya kidole, halafu itaonyesha mchoro wa miraba myeusi. Katika simu nyingi nenosiri huandikwa chini yake. Kwa iPhone, tangu iOS 16 ya mwaka 2022, gusa alama ya "i" kando ya jina la mtandao, kisha mstari wa nenosiri.

Lakini tahadhari. Mchoro ule si kufuli. Ni nenosiri lenyewe limeandikwa kwa namna nyingine, na atakayeupiga picha ameondoka na ufunguo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia bila ruhusa katika kompyuta ya mtu, lakini sheria hufika mwizi akiwa ameshaingia. Wageni wape mtandao wao, wa hesabu za biashara ubaki wako. Na fundi akimaliza kazi, badili nenosiri siku ileile.