Mausi ya gemu: kiganja kwanza, taa baadaye

Pale Mwanjelwa, Mbeya, hakuna anayenunua kiatu cha mtumba kwa kutazama soli tu. Utakivaa, utasimama, utapiga hatua mbili tatu juu ya boksi lililotandikwa chini, utabonyeza pale mbele kuona kidole gumba kimeishia wapi, ndipo mazungumzo ya bei yaanze. Wauza viatu, wakiwemo wale waliohamia Sido baada ya soko la Mwanjelwa kuteketea mwaka 2006, humshangaa mteja asiyejaribu. Lakini mteja huyohuyo akivuka barabara kwenda duka la vifaa vya kompyuta kutafuta mausi ya kuchezea gemu, yote aliyojifunza kwenye viatu anayaacha mlangoni. Anaangalia taa.

"Chukua hii kaka, hii ndiyo ya gemu yenyewe," muuzaji anamwambia, huku akiichomeka kwenye pawabenki ili rangi nyekundu, kijani na buluu zianze kuzunguka. "DPI yake elfu saba na mia mbili."

Mteja anaitikia kwa kichwa, analipa, anaondoka na boksi. Kiganja chake hakijaigusa.

Tukubaliane kwanza kwamba gemu nyingi za Mbeya bado ni za pedi na simu. Vijana wamejaa kwenye vibanda vya PlayStation wakigombea zamu ya mpira, ile ambayo wengi bado wanaiita FIFA ingawa tangu 2023 jina lake ni EA Sports FC. Mausi ni ya kundi dogo: wanafunzi wa MUST, wa TEKU na vyuo vingine vya jiji, mafundi kompyuta, na watumishi ambao kompyuta zao, ikifika saa tatu usiku, huacha hesabu za ofisi na kufungua Counter-Strike, Dota 2 au Valorant. Ni wachache, ila wanakaa saa nyingi, na wengi wao wanatumia mausi iliyokuja na kompyuta ya mezani ya mtumba, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu wa kubofya mara chache kwa dakika. Ganzi ya vidole wanaijua.

Turudi kwenye zile elfu saba na mia mbili, maana ndizo zinazouza. Namba hiyo inasema mausi inahesabu hatua ngapi ikisogezwa inchi moja, yaani sentimita 2.54. Chukua kompyuta mpakato ya mtumba yenye skrini ya upana wa pikseli 1366, zile za kawaida kabisa. Ukiiweka mausi kwenye 800, na mipangilio mingine ikabaki ya kawaida, utasogeza mkono kama sentimita 4.3 ili kishale kivuke skrini nzima. Ukiiweka kwenye 7200, hata milimita tano hazijatimia, kishale kimeshagota ukingo wa pili. Ukipiga chafya tu, umempita adui. Ndiyo maana wachezaji wengi wa kulipwa wa Counter-Strike wanatumia 400 au 800, ilhali mausi zao zinaweza kufika makumi ya maelfu. Muuzaji hakudanganya. Amekuuzia kitu ambacho siku ya kwanza tu utakipunguza.

Namba ya pili ni ya hezi, yaani mausi inaripoti kwa kompyuta mara ngapi kwa sekunde. Mausi ya kawaida ya USB huripoti mara 125, kila baada ya milisekunde 8. Ya gemu huripoti mara 1000, kila milisekunde moja. Hapo pana faida, na anayecheza kwa bidii ataisikia. Lakini sasa zimekuja za mara 8000, na hapo mnunuzi wa Mwanjelwa ajiulize. Skrini yake ya hezi 60 hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 16 na ushee. Seva ya Counter-Strike ya Johannesburg, kwa sisi tulio huku Nyanda za Juu Kusini, iko mbali kwa makumi ya milisekunde, tena siku ambayo mtandao umeamka vizuri. Kwenye kompyuta ya zamani, ripoti 8000 kwa sekunde zinaweza hata kuilemea prosesa na gemu ikaanza kukwama. Ni kulipia wepesi ambao macho yako hayatauona.

Kuna jambo la bure linalozidi namba zote mbili. Kwenye mipangilio ya mausi ya Windows kuna kisanduku cha kuboresha usahihi wa kishale. Jina lake zuri, lakini kazi yake ni kuongeza mwendo wa kishale kadiri unavyosogeza mkono kwa kasi. Kwa kuandika barua hakina tatizo. Kwa gemu ya kulenga kinaweza kuuvuruga mkono, kwa sababu umbali uleule wa mezani unatoa matokeo mawili tofauti. Ondoa ile tiki, cheza wiki nzima, ndipo uamue kama kweli unahitaji mausi mpya.

Ukiamua unahitaji, anza na rula ya shule. Pima kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Wachezaji wana kanuni yao kwamba urefu wa mausi uwe kama asilimia 60 ya kipimo hicho, hivyo kiganja cha sentimita 19 kitafute mausi ya sentimita 11 na nusu hivi. Logitech G102, ambayo ni ndogo kiasi, ina urefu wa milimita 116.6. Razer DeathAdder inafika 127 na inataka mkono mpana. Zile ndogo za kubeba safarini, za sentimita tisa au kumi, ni za mtu mwenye vidole vifupi au mwenye haraka. Kanuni hiyo haikutoka maabara, na mimi naiamini nusu tu, kwa sababu haijui unaishikaje.

Na watu hawashiki sawa. Wapo wanaolaza kiganja chote juu ya mgongo wa mausi na kusukuma kwa mkono mzima. Hao wanahitaji mausi ndefu yenye kibyongo cha kujaza kiganja. Wapo wanaokunja vidole mithili ya kucha za mwewe, kiganja kikigusa nyuma tu. Wapo wanaoshika kwa ncha za vidole, kiganja kikiwa hewani, na hao mausi kubwa huwatesa hata kama rula imeikubali. Wengi hawajui wako kundi gani mpaka waambiwe wajitazame. Jitazame katikati ya pambano, si ukiwa umekaa kwa adabu.

Umbo la kufuata kiganja lilichelewa kupatikana. Mausi ya kwanza, aliyoibuni Douglas Engelbart na kuundwa na Bill English katika taasisi ya Stanford huko California mwaka 1964, ilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili ya chuma chini. Ilipoonyeshwa hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, watu walishangazwa na kishale kinachotembea kwenye skrini, si na starehe ya kiganja. Miongo mitatu baadaye, mwaka 1999, Microsoft wakatoa IntelliMouse Explorer, isiyo na kile kigololi cha chini kilichokuwa kikikusanya uchafu, na yenye mgongo uliopinda kufuata mkono wa kulia. Wachezaji wakaushikilia mpindo ule. DeathAdder ya 2006 ikaja na mpindo wa ukoo huohuo, na bado inauzwa katika matoleo mapya. Vilivyo ndani vimebadilishwa mara nyingi. Mpindo umebaki.

Kwa hiyo dukani omba itolewe kwenye boksi. Iweke juu ya kaunta, fumba macho, laza mkono. Kidole cha mwisho kinaburuta juu ya meza au kimepata pa kukaa? Kidole gumba kinafikia vitufe vya pembeni bila kulegeza mshiko? Inyanyue kwa kidole gumba na vidole viwili vya upande wa pili. Ikiteleza dukani, kwenye pambano itaanguka. Tuliza kidole juu ya kitufe cha kushoto bila kubonyeza, maana kuna vitufe vyepesi mno ambavyo uzito wa kidole tu unavifyatua. Kisha endelea kuishika huku mkivutana bei. Dakika tano za kuvutana bei Mwanjelwa ni chache, na zinatosha kiganja kulalamika. Muuzaji akikataa kufungua boksi, jirani yake anauza hizohizo.

Uzito nao una hadithi. Wengi wetu tumekua tukiamini kitu kizito ndicho imara, na watengenezaji wanalijua hilo. Baadhi ya mausi za bei ya chini zina kipande cha chuma ndani ambacho hakina kazi yoyote zaidi ya kukufanya uone umenunua kitu. Anayecheza kwa kasi ndogo ya kishale huiinua na kuirudisha mausi mara nyingi mno kwa usiku mmoja. Kwake, gramu 121 za Logitech G502 Hero na gramu 85 za G102 ni vitu viwili tofauti kabisa ikifika saa sita. Zipo za gramu 60. Anayecheza Dota, ambako mausi haiinuliwi sana, hana haja ya kuhangaika hivyo.

Hapa ndipo ushauri unaotoka Dar es Salaam, au kwenye video za watu wa nchi za mbali, unapotupotosha watu wa huku. Wa Dar anasumbuliwa na jasho, kwa hiyo anasifia mausi zenye matundu mgongoni kama Glorious Model O, kwamba zinapitisha hewa. Mbeya iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Hewa ya kupitisha tunayo ya kutosha. Vidole vikipoa, mishipa ya fahamu inapeleka taarifa polepole zaidi, na kidole kinachochelewa hakiponywi na mausi yoyote. Plastiki ngumu inayong'aa huteleza kwenye mkono mkavu wa baridi; yenye mkwaruzo kidogo au mpira pembeni inashikika. Waya mnene wa plastiki hukakamaa na kuivuta mausi nyuma kila unapogeuka, hivyo tafuta waya laini wa kusukwa kwa uzi, au uubane juu ya skrini kwa kibanio cha nguo ili ulegee. Na yale matundu, kiangazi kikiingia, ni mlango wa vumbi. Bora ukate vidole vya glovu kuukuu ya mtumba, uvae, ucheze.

Zisizo na waya ni nzuri siku hizi, mradi ziwe na kile kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye USB. Za bluetuthi peke yake waachie wa ofisini.

Meza ndiyo inayosahaulika. Mtu atatumia pesa nyingi kwenye mausi, kisha aichezee juu ya stuli, amejikunja, kifundo cha mkono kimevunjika kuelekea juu na makali ya ubao yanamkata chini yake. Kifundo kinatakiwa kinyooke na kiwiko kiwe usawa wa meza au juu yake kidogo. Mto juu ya kiti unaweza kuondoa maumivu ambayo mausi mpya isingeyagusa. Kama ganzi iko kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, ni mshipa wa fahamu wa kati, ule unaopita kwenye uwazi mwembamba wa kifundo. Kama ni kidole cha mwisho, kagua unavyoegemea kiwiko. Ganzi inayokuamsha usiku au inayokuangusha kikombe mkononi haina mausi yake, nenda hospitali.

Anayetumia mkono wa kushoto ana kazi zaidi, kwa kuwa mausi nyingi zenye mpindo ni za mkono wa kulia. Achukue yenye pande mbili zinazolingana, abadilishe vitufe kwenye mipangilio, na aangalie vile vya pembeni, maana mara nyingi vinawekwa upande wa kushoto tu na kwake vitaangukia chini ya kidole cha pete.

Ukipata inayokaa kiganjani, usiitupe haraka siku itakapoanza kubofya mara mbili wakati umebofya mara moja. Chini ya kitufe cha kushoto kuna kisuichi kidogo, na chuma chake cha ndani kimechoka. Fundi wa simu mwenye chuma cha kulehemu anaweza kukitoa na kuweka kingine kutoka kwenye mausi iliyokufa, au hata kukibadilisha na kile cha kitufe cha kulia iwapo vinafanana, kwa sababu hicho hakijafanya kazi nyingi. Mwambie mapema tu kwamba skrubu mara nyingi hufichwa chini ya vile vibandiko laini vya tumboni, avibandue taratibu kwa wembe, maana vikichanika mausi itakwaruza meza na utarudi dukani kwa sababu ya vibandiko.