Mukutano wa wenye kujitolea kulinda mazingira: mujumbe wetu apeleke nini, arudishe nini?



Kila mara kunapoitishwa mukutano wa wenye kujitolea kulinda mazingira katika jimbo letu la Kivu ya Kusini, maulizo ni yale yale: tutume nani? Nani atalipa transport? Na kisha mujumbe kurudi, watu wanauliza: "Kule walisema nini?" Jibu likiwa tu "walisema tupande miti", mukutano umekufa. Tulikwisha kujua kama inafaa kupanda miti. Tueleze hapa juu ya nini mikutano hiyo ina maana kwa mukulima, na namna koperative inaweza kupata faida ndani yake.

Maji hayajui mpaka

Koperative moja inaweza kulinda mbegu zake na depo yake peke yake. Lakini haiwezi kulinda udongo wake peke yake. Maji ya mvua yanaanzia kwenye mashamba ya juu, yanapita katikati, yanamalizia bondeni. Mwenye shamba la chini anaweza kufanya kazi yote muzuri, na usiku mumoja maji ya jirani wa juu yakabeba kila kitu.

Hatujasahau Kalehe. Tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha, na maji pamoja na matope na mawe yakashuka juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Mvua ya namna ile hakuna mutu anaweza kuizuia. Lakini mulima wenye kupoteza miti na majani hauna tena kitu cha kupunguza mbio ya maji. Na watu wenye kukaa chini hawana uwezo juu ya mashamba ya juu, isipokuwa wakutane na wenyewe na wapatane.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mukutano: kukutanisha wa juu na wa chini.

Kazi ya kulazimishwa na kazi ya kupatana

Wazee wanakumbuka. Wakati wa ukoloni, watu wa milima yetu walilazimishwa kuchimba mitaro ya kuzuia mumomonyoko. Kisha uhuru wa 1960, mingi iliachwa, kwa sababu watu waliiona kama kazi ya muzungu. Baadaye tukapata salongo, nayo wengi waliifanya kwa kuogopa shefu. Kazi ya kuogopa inaisha siku mwenye fimbo anaondoka.

Kujitolea ni kitu kingine, lakini tusijidanganye: siku ambayo mutu anachimba mutaro wa wote, hakulima kwake. Kwa hiyo koperative ikubaliane mapema namna ya kumusaidia. Kwa mufano, wanamemba wamulimie nusu siku, ao yeye awe wa kwanza kupata miche ya pepinieri. Bila hiyo, baada ya masika mbili atachoka.

Mujumbe apeleke hesabu ya mulima wetu

Mutu mwenye kwenda na mikono mitupu anarudi na mikono mitupu. Tunashauri mujumbe apeleke hesabu mbili.

Ya kwanza ni udongo unaopotea. Kisha palizi ya mwisho, chukueni misumari mirefu kumi, muipige ndani ya shamba lenye mutelemko mpaka kichwa kiwe sawa na udongo. Muitawanye juu, katikati na chini. Kabla ya kulima tena, mupime kwa rula ya mutoto wa masomo: kila musumari umebaki inje millimeta ngapi? Mujumlishe, mugawanye kwa kumi. Kama musumari umefunikwa, muuhesabu kama sifuri.

Tuseme mumepata millimeta 5. Inaonekana kitu kidogo sana. Lakini kwenye shamba la meta 20 kwa meta 50, ni meta 5 za kibe za udongo, karibu tani 6. Ni kama gunia 60 za kilo 100 zilizoondoka kwenye shamba moja, na ni udongo wa juu, wenye mboleo. Hesabu hiyo inasema zaidi kuliko hotuba.

Ya pili ni miti yenye kuishi. Musihesabu miche iliyopandwa. Muhesabu ile yenye kubaki hai kisha kiangazi. Kule Kenya, Wangari Maathai, mwenye kuanzisha kazi ya wamama ya kupanda miti mwaka 1977, aliweka utaratibu huo: wamama walipata franga kidogo kwa muti wenye kuishi, si kwa muti wenye kupandwa. Kama kwenu miche 100 imebakisha 30, musione haya kusema. Ulizeni wengine: mbuzi walikula? Mulipanda wakati mvua inaisha? Muti haukufaa udongo ule?

Arudishe mapatano, si kaye iliyojaa tu

Tuangalie ugumu wenyewe. Kwenye mutelemko wa asilimia 20, mistari ya majani ao vichaka ya kuzuia udongo inaweza kuwekwa kila meta 10. Kama kila mustari una upana wa meta moja, mwenye shamba la juu anatoa sehemu moja ya kumi ya shamba lake. Faida kubwa inakwenda kwa jirani wa chini. Ni haki gani hiyo? Ndiyo maana watu wa juu wengi wanakataa, na si kwa sababu ya ujinga.

Kwa hiyo mapatano yawe na pande mbili. Watu wa chini walete mikono na miche. Watu wa juu waanze kazi, sababu kazi hii inaanzia juu siku zote. Na mistari ipandwe vitu vyenye kumupa mwenye shamba faida: setaria na tripsakumu kwa chakula cha ng'ombe na mbuzi, kaliandra kwa majani ya mifugo na miti ya kusimamisha maharagi ya kupanda. Tena, mutaro wowote uwe na mahali pa kumwagia maji penye majani mengi. Mutaro wenye kumwaga maji kwa jirani unaleta mafundo mapya.

Tena kuna neno la sheria. Sheria ya misitu namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, pamoja na dekre namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014, inaruhusu jamii ya mahali kuomba musitu inaoshikilia kwa desturi, mpaka hektari 50.000, bila kuununua. Haihusu misitu iliyo ndani ya parki. Kama kijiji chenu kina musitu wa desturi, mujumbe atafute wale waliokwisha kufuata njia hiyo, awaulize walianzia wapi.

Mambo ya kufanya

Mutume watu wawili, na mumoja awe mama mwenye kulima mulimani. Musitume président kila mara. Franga za transport zitangazwe mbele ya wote, kabla ya safari na kisha safari. Katika juma moja, wajumbe watoe ripoti kwenye mukutano wa koperative, wakijibu maulizo matatu: tulipatana na nani? Kazi itaanzia kwenye shamba gani? Siku gani?

Kumbukeni kalenda. Miche ya kupandwa mwanzo wa mvua ya Septemba na Oktoba inapaswa kuwa ndani ya pepinieri tangu mwezi wa Mei ao wa Juni. Mapatano yenye kufika Oktoba bila miche yatangoja mwaka muzima, na gunia zile za udongo hazitangoja.