Esanse ao mazutu? Namna ya kuchagua moteri mbele ya kununua RAV4 ya okazyo

Kuna swali moja linarudi kila mara mtu akisha kupata kazi ao akisha kula likelemba yake: «Nataka RAV4, nichukue ya moteri gani?» Wengi wanaangalia rangi, mwaka na jante. Kisha miezi sita, gari iko garaji, na pesa ya nyumba inaenda kwa mapiesi. Hii andiko ni ya kusaidia mtu achague kwa akili, si kwa macho tu.

Kwanza tuelewe gari zinatoka wapi. Zenye volan ya kuume zinatoka Japani, zinapita Dar es Salaam ao Mombasa, njo maana zimejaa Goma, Bukavu na Lubumbashi. Zenye volan ya kushoto, nyingi zinatoka Ulaya, sana sana Ubelgiji. Hiyo tofauti si ya volan tu. Jina ni moja, RAV4, lakini chini ya kapo moteri si moja.

RAV4 ya pili (2000 mpaka 2005) ya Japani iko na moteri mbili, zote za esanse: 1ZZ-FE ya litri 1,8 na 1AZ-FSE ya litri 2,0. Ile ya tatu, iliyoanza mwisho wa 2005, kwa Japani ilikuja na 2AZ-FE ya litri 2,4, nguvu ya farasi 170. Ulaya walipata pia mazutu: D-4D ya litri 2,0 kwa RAV4 ya pili, na D-4D ya litri 2,2 kwa ya tatu, ya farasi 136 ao 177. Tangu 2009 Ulaya walipewa tena 3ZR-FAE, esanse ya litri 2,0, farasi 158. Jina la moteri liko kwenye kibao kidogo chini ya kapo. Soma kibao, usisikilize komisionere peke yake.

Sasa tuangalie milima. Goma na Bukavu ziko karibu metre 1.500 juu ya bahari, Lubumbashi karibu 1.200. Kadiri unapanda, hewa inapunguka uzito, na moteri isiyo na turbo inavuta hewa kidogo. Kwa metre 1.500 inapoteza karibu 15 kwa mia ya nguvu yake. Ile 170 ya 2AZ-FE inabaki karibu 145. Ile 1,8, iliyozaliwa na farasi 125, inabaki karibu 106. Weka watu watano na mizigo, panda Ngomo ukitoka Kamanyola: utaelewa.

Moteri ya mazutu iko na turbo, inayosukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo mlima hauiumizi sana. Tena nguvu yake ya kuzungusha inakuja mapema, moteri ikingali inazunguka polepole. D-4D ya farasi 136 inatoa newton-mita 310. 2AZ-FE inatoa 224, na paka ufike mizunguko 4.000 kwa dakika. Kwa mlima na mizigo, mazutu inashinda. Hapo hakuna mabishano.

Lakini usikimbilie kulipa. Mazutu ya kisasa si kama ile ya Land Cruiser ya zamani iliyokunywa kila kitu. Enjekteri za D-4D ziko na vitundu vidogo sana, na pompi inasukuma mazutu kwa presha kubwa mno. Maji kidogo ao vumbi kidogo ndani ya bidoni, zinakufa. Mtu anayenunua kwa Kadafi pembeni ya barabara, hajui ile bidoni ilibeba nini jana. Na enjekteri ziko ine. Mara nyingi moja ikifa, zingine zinafuata.

Jambo lingine: D-4D zingine za 2,2 ziko na filtri ya moshi kwenye eshapma. Ile filtri inajisafisha kwa kuchoma masizi yake, na inahitaji joto kubwa, maana yake safari ndefu bila kusimama simama. Kama kazi yako ni Panzi mpaka Nyawera kila siku, katikati ya ambutiyaji, haitapata joto. Itaziba, taa itawaka, gari itakosa nguvu. Yule anayetoka Lubumbashi mpaka Kolwezi kila wiki, karibu kilometa 300 kwenda, hana shida hiyo. Gari ni moja, lakini maisha mawili tofauti.

Esanse nayo iko na mitego yake. Ile 1AZ-FSE ya Japani inaandikwa «D-4», na watu wengi wanachanganya na D-4D. D-4 ni esanse, lakini inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa pompi ya presha kubwa. Inachagua esanse safi, na inajaza masizi kwenye njia ya hewa. Ile 1ZZ-FE ni rahisi zaidi kutengeneza, ila ni zaifu kwa milima. Ile 2AZ-FE iko na nguvu nzuri, lakini zile za 2006 mpaka 2009 zinajulikana kwa kunywa mafuta ya moteri, juu ya pistoni na segma zake. Marekani, Toyota yenyewe iliongeza muda wa garanti juu ya shida hiyo. Ukikuta ya baadaye, ni bora. Ukikuta ya miaka ile, si lazima uikimbie, lakini pima mafuta kila kilometa 1.000, na bei ishuke.

Tufanye hesabu kidogo, maana tulisoma. Tuseme esanse inakula litri 10 kwa kilometa 100, mazutu 7,5. Ukitembea kilometa 15.000 kwa mwaka, utaokoa litri 375. Litri ikiwa dola 1,4, ni dola 525 kwa mwaka. Kama gari ya mazutu inapita ingine kwa dola 2.000, utangoja karibu miaka ine mbele ya kurudisha pesa, na enjekteri zisife hata mara moja. Lakini ukiifanyia kazi ya kubeba watu, kilometa 40.000 kwa mwaka, utaokoa litri 1.000, dola 1.400: kwa mwaka mmoja na nusu pesa imerudi. Weka bei za kwenu, hesabu ni ile ile.

Siku ya kuangalia gari, omba muuzaji asiwashe moteri mbele ufike. Gusa kapo: ikiwa ya moto, uliza sababu. Iwashe ikiwa baridi, angalia moshi. Wa buluu: inachoma mafuta ya moteri. Mweusi mwingi: mazutu ao esanse inaingia kupita kiasi, ao hewa haitoshi. Mweupe usioisha hata moteri ikisha kupata moto: pengine maji yanaingia silinda, na hiyo kwa D-4D ya 2,2 ya miaka ya kwanza si jambo la kushangaza. Kisha ipandishe mlima wa kweli, na watu ndani. Lipa mekanisie wako mwenyewe, si wa muuzaji.

Kwa kifupi: kama unaishi mjini, safari fupi, bajeti ya kwanza, chukua esanse, 3ZR-FAE ao 2AZ-FE ya baadaye. Kama uko wa njia ndefu, milima na mizigo, na uko na stesheni ya kuaminika, mazutu itakulipa. Na kila mara uliza garaji ya mtaa wenu mbele ya kununua: «Hii moteri munaijua? Piesi zake ziko?» Wakijibu kwa kusitasita, tafuta ingine. Moteri bora ni ile ambayo fundi wa kwenu anaweza kuifungua na kuifunga tena.