Usiniulize milisekunde ngapi

Swali huja usiku kwa WhatsApp, likiwa na picha ya skrini: "Mkuu, nimeweka Sleep ya milisekunde 100 lakini mara mojamoja bado inaganda. Niweke ngapi?" Mwezi huu nimeulizwa mara nne, na watu wanne wasiojuana. Wa kwanza nilimjibu kwa upole. Wa nne asome hapa.

Kisa chake ni hiki. Programu ya duka ina thredi mbili: moja hupokea taarifa za malipo na kuzipanga kwenye foleni, nyingine huchapa risiti. Iliandikiwa Windows, ikatumia iventi ya kujizima yenyewe. Malipo yakiingia, thredi ya kwanza inaita SetEvent. Ya pili, iliyolala kwenye WaitForSingleObject, inaamka, inachapa risiti moja, inarudi kulala. Ikaenda hivyo bila mtu kulalamika. Kisha mwenye duka akataka iendeshwe kwenye kijikompyuta cha Linux, na kijana akahamisha neno kwa neno: palipokuwa na SetEvent akaweka pthread_cond_signal, palipokuwa na kusubiri akaweka pthread_cond_wait. Kompaila haikunung'unika. Risiti ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka. Mteja wa tatu akasimama kaunta mkono kiunoni mpaka mteja mwingine alipolipa. Ndipo risiti yake ikachomoka.

Hapo ndipo Sleep ilipoingia, kabla tu ya kupiga ishara, "ili printa ipate muda wa kurudi kusubiri."

Iventi ya Windows ina kumbukumbu. Ukiiwasha wakati hakuna anayeisubiri, inabaki imewaka, na atakayefika baadaye ataikuta hivyo. Kigeu cha sharti cha POSIX hakikumbuki chochote. Ni kama kondakta anayepiga bodi gari liondoke: aliyekuwa mlangoni amepanda, aliyevuka barabara kununua maji ameachwa. Thredi ya printa, ikishamaliza kuchapa na kabla haijarudi kulala, ndiyo iliyovuka barabara. Ishara ikipigwa wakati huo imepotea, na hakuna atakayeirudia mpaka malipo mengine yaingie.

Sasa Sleep inafanya nini kwenye upenyo huo? Inausogeza tu, haiuzibi. Kwenye laptopu yako, ambako printa ya majaribio ni faili, milisekunde 100 ni umri mzima. Dukani karatasi inakwama, risiti ina bidhaa 40, kuchapa kunachukua nusu sekunde, na upenyo uko palepale. Unaweka 500. Mwezi ujao utaweka 1000.

Isitoshe, Sleep haiahidi kukuamsha kwa wakati. Kwenye Windows saa ya mfumo kwa kawaida hupiga kila baada ya milisekunde 15.6 hivi, kwa hiyo Sleep ya 1 inaweza kukulaza zaidi ya 10. Wala haiahidi kwamba thredi ya pili itapata prosesa wakati wewe umelala. Mashine ikizidiwa, inaweza isiguse hata mstari mmoja. Swali la "ngapi" halina jibu, kwa sababu unauliza mwenzako atachelewa kiasi gani, na yeye mwenyewe hajui. Na gharama unailipa kila siku: malipo 600 kwa milisekunde 100 ni dakika nzima ya kulala bure.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba Sleep inaficha. Kasoro iliyojitokeza kila saa sasa hujitokeza mara moja kwa wiki, mwisho wa mwezi, duka limejaa. Afadhali ile inayoniangukia mezani.

Ndugu yake Sleep ni volatile. Katika Java neno hilo lina maana kwa thredi. Katika C na C++ halina. Waliokulia kwenye kompaila ya Microsoft kwa prosesa za x86 huapa kwamba linatosha, kwa kuwa kule kompaila hiyo huliongezea nguvu. Kompaila ileile ikilenga ARM, nguvu hiyo haipo mpaka uiombe. PulseEvent nayo usiiguse. Microsoft wenyewe wameandika kwamba si ya kutegemewa.

Dawa ni kuiwekea ishara kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo iwe chini ya kufuli. Anayetuma: funga kufuli, weka malipo kwenye foleni, fungua, piga ishara. Anayesubiri: funga kufuli; maadamu foleni ni tupu, subiri; isipokuwa tupu, chukua, fungua, chapa. Ni "maadamu", yaani lupu, si "kama". POSIX inaruhusu thredi iamke bila kuitwa, na tangu 1980 Lampson na Redell, wakieleza lugha ya Mesa, walishasema kuamshwa ni dokezo tu: kagua mwenyewe. Kinachoziba upenyo ni kwamba pthread_cond_wait huachia kufuli na kulala kwa tendo moja lisilogawanyika.

Umeona nimesema foleni, si bendera ya ndiyo au hapana? Iventi haihesabu. Malipo matano yakiingia printa ikiwa kazini, SetEvent mara tano ni sawa na mara moja, na printa itachapa risiti moja. Kwa hiyo programu ya kijana ilikuwa mbovu hata kule Windows. Wateja wachache waliisitiri.

Mengine haraka. Ukiandika C++, std::condition_variable ipo tangu C++11, na semafo, ambazo zinahesabu, tangu C++20. Windows nayo ina vigeu vya sharti tangu Vista, basi unaweza kuandika kwa mtindo wa POSIX pande zote mbili. Ukitaka kuamsha wengi kwa mpigo, tumia pthread_cond_broadcast na usishushe bendera. Ukisubiri soketi pamoja na ishara kwenye Linux, eventfd na poll. Python: threading.Event ndani yake ni kufuli, kigeu cha sharti na bendera. WaitForMultipleObjects usiiige, hata Windows inaishia vitu 64. Rudisha kila kitu kwenye foleni moja.

Yule wa kwanza, niliyemjibu kwa upole, alifanya haya yote. Juzi alinionyesha msimbo wake: kufuli liko sawa, lupu iko sawa, na mstari mmoja kabla ya ishara, Sleep(10), pembeni ameandika "kwa usalama tu".