Dakika Ngapi Zinatosha?

"Anakimbia mita 5,000 kwa dakika 14 na sekunde 30. Zinatosha kumpeleka chuo Marekani?" Swali hili huja kwa sauti nyingi, ya mzazi, ya mwalimu wa michezo, ya kijana mwenyewe, lakini dhana iliyo ndani yake ni moja: kwamba huko Marekani kuna ubao umetundikwa mahali, umeandikwa dakika, na anayezifikia hukabidhiwa bweni, vitabu na viatu. Ubao huo haupo. Ningenyamaza hapo kama swali lingeishia hapo, ila lina mkia: "Kama hazitoshi, si akae kwanza katika kambi ya mazoezi miaka miwili mitatu azishushe, ndipo tuombe?" Mkia huu ndio unaoharibu. Wanaoutoa kama ushauri si matapeli. Ni wakimbiaji wastaafu, wajomba na walimu wanaoheshimika, wenye nia njema kabisa, na ndiyo maana inabidi ushauri wao ubomolewe hadharani badala ya kuzungukwa kwa heshima.

Tuangalie kwanza kocha ananunua nini. Katika mbio za nyika za vyuo, timu hupanga wakimbiaji saba na watano wa kwanza kumaliza ndio wanaohesabiwa. Nafasi zao hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Chukua timu yenye vijana watatu hatari wanaoshika nafasi ya 1, 2 na 3, halafu wa nne wao akawa wa 40 na wa tano wa 90. Jumla ni 136. Timu nyingine haina nyota hata mmoja, lakini watu wake wamefika wa 15, 18, 22, 25 na 30. Jumla ni 110, na kombe ni lao. Kocha mwenye timu ya kwanza hakeshi akimwaza bingwa wa nne. Anamwaza huyo mtu wa tano: nani ataziba pengo hilo, na ataliziba kwa misimu mingapi? Tena mkimbiaji wa masafa marefu ana faida ambayo mrusha tufe hana. Kijana yuleyule hukimbia nyika msimu wa vuli, hukimbia ndani ya ukumbi wakati wa baridi, kisha hukimbia uwanjani majira ya kuchipua. Skolashipu moja, mavuno matatu kwa mwaka. Zidisha kwa miaka minne uone kwa nini kocha huuliza tarehe ya kuzaliwa na mwaka wa kumaliza shule mapema sana, wakati mwingine kabla hata hajauliza dakika. Edward Cheserek aliingia Chuo Kikuu cha Oregon mwaka 2013, baada ya kusoma sekondari Newark, New Jersey, akaondoka na mataji 17 ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya huko. Alikuwa na kasi ya ajabu, ndiyo, lakini kasi hiyo ilikuwa na miaka minne mbele yake.

Fedha nazo si ghala lisilo na mlango. Kwa muda mrefu timu ya wanaume ya riadha na nyika katika Division I, ngazi ya juu ya NCAA, iliruhusiwa kugawa skolashipu 12.6 tu, na ya wanawake 18, kwa warukaji, warushaji na wakimbiaji wote kwa pamoja. Hiyo .6 si kosa la chapa: kocha hukatakata skolashipu kama keki, huyu nusu, yule robo, mwingine ada peke yake. Mwaka 2025, baada ya suluhu ya kesi iitwayo House, vyuo vilivyoikubali viliondolewa kikomo cha skolashipu na kuwekewa kikomo cha idadi ya watu kikosini: 17 kwa nyika, 45 kwa riadha. Wapo walioshangilia kwamba sasa kila mtu atalipiwa. Kuruhusiwa kulipa si kuwa na cha kulipa. Kikosi kilichowekewa ukingo kinamfanya kocha awe mchoyo zaidi wa nafasi, kwa sababu anayejifunza polepole sasa anakalia kiti cha mtu mwingine.

Basi dakika ni za nini? Ni chekecheo. Zinamwambia kocha barua ipi aisome hadi mwisho, na hata hapo hazisemi mengi mpaka zijulikane zimetoka wapi. Dakika 14:30 kwenye uwanja wa vumbi karibu na Iten, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, zikipimwa na mwalimu mwenye saa mkononi, si kitu kimoja na 14:30 za uwanja wa tartani wa pwani. Makocha wanalijua hilo. NCAA yenyewe imekuwa na utaratibu wa kurekebisha muda uliokimbiwa nyanda za juu. Kocha hadharau muda wa kijijini. Anachoshindwa ni kuuthibitisha, kwa hiyo anageukia vitu vingine: umeshuka vipi kutoka mwaka jana, ulimshinda nani ambaye tayari anamfahamu, unakimbia kilomita ngapi kwa wiki. Hili la mwisho ndilo wengi hulificha, wakidhani kilomita chache ni aibu. Ni kinyume chake. Mpe kocha vijana wawili, mmoja wa 14:15 anayekimbia kilomita 160 kwa wiki na mwingine wa 14:35 anayekimbia 60 huku akisoma, na makocha wengi watamfuata wa pili, kwa sababu ndani yake bado kuna akiba ambayo haijachimbwa. Paul Ereng alikuwa mkimbiaji wa mita 400 katika Chuo Kikuu cha Virginia. Akahamia mita 800, na mwaka 1988 akatwaa dhahabu ya Olimpiki Seoul. Dhahabu hiyo huwezi kuiona kwenye muda wake wa mita 400, hata ukiutazama kwa darubini.

Sasa turudi kambini. Kanuni ya Division I imekuwa hivi: ukimaliza sekondari kwa wakati, katika riadha na nyika unayo takriban mwaka mmoja wa kujipanga. Baada ya hapo, kila mwaka unaoshiriki mashindano yaliyoandaliwa unakula msimu mmoja kati ya minne uliyo nayo, na ukifika chuoni unatakiwa kukaa mwaka wa kwanza bila kushindana. "Mashindano yaliyoandaliwa" si Olimpiki peke yake. Mbio za barabarani za kaunti, zenye namba kifuani, waamuzi, matokeo na bahasha ya zawadi, zinahesabika. Kanuni za umri na misimu hujadiliwa upya mara kwa mara, na anayetaka kuomba azisome za mwaka wake, lakini hakuna mjadala unaoelekea kumzawadia aliyechelewa. Fanya hesabu mwenyewe. Kijana amemaliza kidato cha nne akiwa na miaka 19 na 14:30. Anaingia kambini miaka mitatu, anashindana kila wikendi anayopata nauli, anatoka na miaka 22 na 13:55. Amepata sekunde 35. Amelipa misimu miwili, na wa kwanza chuoni atautazama akiwa kando ya uwanja. Mezani kwa kocha kuna barua ya kijana mwingine wa miaka 18, mwenye 14:35 na misimu yake yote minne. Huyu wa kambini amekuwa bora na wakati huohuo amekuwa bidhaa mbaya. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa kila mtu pale alikuwa ameshika saa.

Wala si misimu tu. Miaka ile mitatu alijiweka katika mazoezi ya watu wazima, mara mbili kwa siku, na kocha wa chuo anayesoma barua anajiuliza nini kimebaki cha kuongeza. Kiingereza cha darasani kimepata kutu, na mtihani wa TOEFL au Duolingo hausubiri. Alama za KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, hazipandi kambini. Na wanaorudia mtihani wakitumaini kurekebisha D ya hisabati wakumbuke kwamba Division I hutazama masomo yaliyokamilishwa ndani ya muda wa kawaida wa sekondari, si yaliyopatikana kwa awamu. Kuhusu fedha za zawadi, kanuni zimekuwa zikilegezwa, lakini anayeombwa maelezo ni mwombaji. Andika kila shilingi, tarehe na jina la mbio. Na wale wanaotibu tatizo la umri kwa kupunguza umri: cheti cha kuzaliwa, pasipoti na karatasi za mtihani zitakutana kwenye meza moja, na zisipoelewana safari imekwisha.

Wapo watakaosema: "Mbona Henry Rono?" Ni hoja ya haki. Rono aliingia Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington akiwa na miaka 24, na mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikuwa na miaka 27 alipotwaa ubingwa wa nyika wa NCAA mwaka 1980 kwa jezi ya Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, chuo kilichotawala mbio hizo miaka ile kwa miguu ya Waafrika waliokomaa. Lakini wanaowataja hawa husahau kilichofuata. Mafanikio hayo yaliwakera wengi, na kanuni za umri na za kuchelewa kujiunga ziliwekwa na kukazwa kuanzia zama hizo. Kumtaja Rono kama ushahidi kwamba umri hauhesabiwi ni kutaja chanzo cha mlango kufungwa kama ushahidi kwamba uko wazi.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: mpaka leo vyuo vinachukua Wakenya waliovuka miaka 20 kidogo, tena kwa furaha. Kweli. Ishmael Kipkurui, bingwa wa dunia wa nyika kwa vijana mwaka 2023, alikwenda New Mexico, na mwaka 2025 akakimbia mita 10,000 kwa 26:50.21, muda ambao hakuna mwanafunzi wa chuo aliyewahi kuufikia kabla yake. Kwa mtu wa namna hiyo kocha anayewania taji la taifa hahesabu misimu; hata mmoja unamtosha. Jiulize tu kwa ukweli kama huyo wa kambini ni bingwa wa dunia wa vijana. Chini ya ngazi hiyo mambo yamekaza kuliko zamani, kwa sababu siku hizi mwanafunzi anahama chuo kimoja hadi kingine kwa urahisi, na kocha anayetaka mtu aliyekomaa anampata tayari Marekani, ana visa, ana matokeo yaliyochapishwa na Kiingereza chake kimeshapimwa. Kwa mkomavu wa kawaida wa ng'ambo hapo nafasi imebaki finyu.

Mawakala wanaowatafutia vijana vyuo nitawapa aya moja, na nyingine itakuwa ya mambo ya kufanya, kwa haraka. Wakala anayesema "usinilipe kitu mpaka upate skolashipu" anaonekana mwaminifu kuliko anayedai ada mapema. Kwa kanuni za NCAA huyo ndiye mwenye hatari: ada ya huduma ya kukutangaza inaruhusiwa, lakini malipo yanayotegemea kupata kwako skolashipu, au asilimia ya skolashipu hiyo, yanaweza kukuondolea sifa za kushindana. Kazi anayoifanya, isitoshe, ni barua pepe. Anwani za makocha ziko wazi kwenye tovuti za vyuo vyao.

Anza ukiwa kidato cha tatu. Jiandikishe katika kituo cha NCAA cha kuthibitisha sifa za wanafunzi. Tafuta mbio mbili tatu zenye mitambo ya kupima muda na matokeo yanayowekwa mtandaoni, hata kama utashika nafasi ya tisa. Alama zako hazifiki, au jibu limechelewa? Kuna vyuo vya miaka miwili vya NJCAA, ambako wengi wameanzia kisha wakahamia vikubwa. Kuna NAIA, chombo kingine cha michezo ya vyuo, na kuna Division II, ngazi ya pili ya NCAA. Division III na vyuo vya Ivy League havitoi skolashipu ya michezo, ila vingine hutoa msaada kwa mwenye uhitaji. Ukipata jibu, uliza asilimia ngapi, inagharimia nini, na ni ya mwaka mmoja au zaidi. Asilimia 60 ya dola 45,000 inakuachia deni la dola 18,000, zaidi ya shilingi milioni mbili za Kenya, kila mwaka, na chuo hakikupi fomu ya I-20 ya kuombea visa bila kuona fedha za mwaka wa kwanza ziko wapi. Barua yenyewe iwe na mistari kumi: jina, tarehe ya kuzaliwa, mwezi na mwaka wa kumaliza shule, alama, muda wako bora wa kila mwaka na mahali ulipoukimbilia pamoja na mwinuko wake, kilomita kwa wiki, kiungo cha matokeo. Iandike mwenyewe, kwa Kiingereza chako, maana kocha atakupigia simu na sauti itabidi ifanane na barua. Na faili la vyeti ulipe jina lako, si "Scan0003".